Namba ya esanse kwenye karatasi ya gari: inapimwa wapi, na kwa nini huku haifiki?

Katika Masisi na Walikale, ugomvi kati ya mwenye pikipiki na motari wake mara nyingi unaanzia kwenye lita. Mwenye pikipiki alinunua chombo mjini, muuzaji akamwambia kwamba lita moja inafika kilometa 50, na kwa hesabu hiyo akapanga pesa ambayo motari atamletea kila jioni. Motari akisema kwamba lita imemfikisha kilometa 30 tu, anaonekana mwizi. Kwa shofere wa jipu ni vile vile: kitabu cha gari kinasema lita 12 kwa kilometa 100, yeye ameandika 18, basi anaulizwa zile sita ziko wapi. Mtu anaweza kupoteza kazi juu ya ile swali.

Tufanye hesabu ya mfano. Motari anayetembea kilometa 150 kwa siku angehitaji lita 3 kama namba ya muuzaji ni ya kweli. Kama ukweli ni kilometa 30 kwa lita, anahitaji lita 5. Lita 2 za ziada kila siku, kwa siku 26 za kazi, ni lita 52 kwa mwezi. Kwa bei ya esanse ya kadafi wa njiani, hiyo si pesa ndogo, na inatoka kwenye mfuko wa mtu mmoja.

Sasa ile namba inatoka wapi? Haitoki barabarani. Gari jipya linapandishwa juu ya mashini yenye rola, ndani ya nyumba iliyofungwa, magurudumu yanazunguka lakini gari halisogei. Dereva anafuata mchoro kwenye skrini: ongeza mwendo hapa, punguza pale, simama kidogo. Moshi unaotoka unakusanywa na kupimwa, na kutoka kwa ule moshi wanapata kiasi cha mafuta kilichochomwa. Ni njia nzuri kwa kulinganisha gari na gari, kwa sababu yote yanapita mtihani mmoja. Lakini hakuna tope mle ndani, wala mlima, wala gunia la maharagwe.

Kuna sehemu moja ambapo udanganyifu ni mwepesi zaidi. Mashini ya rola haijui gari linasukumana na upepo kiasi gani, wala matairi yanavuta kiasi gani. Lazima iambiwe. Kwa hiyo kwanza gari linapelekwa kwenye njia iliyonyooka, linakimbizwa, halafu linaachiwa bila gia mpaka mwendo upungue lenyewe, na watu wanaandika muda. Zile namba ndizo zinaingizwa kwenye mashini. Na wanaozipima ni watengenezaji wenyewe.

Mwaka 2012 shirika la serikali ya Marekani la mazingira, EPA, lilikagua magari ya Hyundai na Kia na kukuta kwamba namba zilizobandikwa kwenye vioo hazikulingana na vipimo vyake. Kampuni hizo zikarekebisha namba za magari karibu 900,000 yaliyouzwa nchini Marekani na kuanza kuwalipa wenye magari tofauti ya mafuta. Mwaka 2014 zikakubali kulipa faini ya dola milioni 100. Kosa lilikuwa hasa kwenye kile kipimo cha kuachia gari.

Japani nako, mwezi wa Aprili 2016, Mitsubishi Motors ilikiri kwamba ilichezea vipimo vya magari madogo 625,000. Mengi kati yake yaliuzwa kwa jina la Nissan, na ni Nissan waliopima tena wakaona namba hazisimami. Hapa kuna jambo la kukumbuka: hakuna aliyegundua kwa kusoma karatasi. Waligundua kwa kupima upya.

Hata bila uongo, mtihani wenyewe unaweza kuwa mwepesi mno. Ulaya ilitumia kwa miaka mingi mtihani wa dakika 20 na kilometa 11, kwa mwendo wa wastani wa kilometa 34 kwa saa. Sheria zake ziliacha milango wazi, na kila mwaka pengo kati ya karatasi na barabara likazidi kupanuka. Kuanzia Septemba 2017 wakaleta mtihani mgumu zaidi, wa dakika 30 na zaidi ya kilometa 23. Tena, magari mapya ya Ulaya sasa yanabeba ndani yake chombo kinachoandika mafuta yaliyotumika kweli. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya magari ya mwaka 2021: ya esanse na ya mazutu yalikunywa karibu asilimia 20 zaidi ya karatasi. Na hayo ni kwenye lami ya Ulaya.

Ukitoka Sake kupanda Mushaki, au ukiteremka kutoka Nyabiondo kupitia Kashebere na Kibua kuelekea Walikale, yule dereva wa kwenye skrini hakufanya lolote linalofanana na hilo. Hapa gari linatembea kwa gia ya kwanza na ya pili, magurudumu yanazunguka kwenye matope bila kusonga, na injini inaunguruma pale kwenye bariere huku kilometa haziongezeki. Pikipiki inabeba watu watatu na mzigo. Katika milima ya Masisi hewa ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki yenye karbiratere ya kawaida inachanganya esanse nyingi kuliko hewa, moshi unakuwa mweusi na buji inashika masizi. Fundi anayejua kazi anaweza kuirekebisha. Ikishuka Walikale, kule chini msituni, ile ile marekebisho inaweza isifae tena.

Tena mtu aangalie namba imeandikwa kwa lugha gani. Wajapani wanaandika kilometa kwa lita, Wazungu wa Ulaya lita kwa kilometa 100, Wamarekani maili kwa galoni. Kilometa 20 kwa lita ni sawa na lita 5 kwa kilometa 100. Lakini maili 20 kwa galoni ya Marekani ni karibu kilometa 8 na nusu tu kwa lita. Muuzaji akisema "ishirini" bila kusema ishirini ya nini, hajasema kitu.

Namba inayofaa kwa huku ni ile inayopimwa huku. Jaza tanki mpaka shingo, chombo kikiwa kimesimama sawasawa, andika kilometa. Fanya kazi ya kawaida, kwenda na kurudi, maana kupanda peke yake au kushuka peke yake kunadanganya. Rudi ujaze mpaka shingo ile ile, andika lita zilizoingia. Gawanya kilometa kwa lita. Mara moja haitoshi. Tatu au nne, tena msimu wa mvua tofauti na kiangazi.

Shida iko kwenye lita yenyewe. Chupa ya kadafi si kipimo. Kazi ya kukagua vipimo vya biashara ni ya OCC, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1974, lakini mtu anaweza kujisaidia kwa mzani wa sokoni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pima bidoni tupu, tia maji mpaka mzani uongeze kilo 5, piga alama: hapo ni lita 5. Halafu mwaga, kausha bidoni vizuri kabisa kabla ya kutia esanse. Usipime esanse yenyewe ukidhani kilo ni lita, kwa sababu ni nyepesi: lita 5 zina kilo 3.7 hivi.

Kilometa nazo zikaguliwe, kwa kuwa tairi lililokwisha au lililobadilishwa ukubwa linaharibu hesabu ya dashibodi. Simu yenye GPS inaweza kupima njia hata mahali pasipo na mtandao. Mwenye chombo na motari wakipima pamoja, wote wawili wakiwa pale wakati wa kujaza, ile namba wataiandika kwenye karatasi ya mapatano yao kabla ya kupanga pesa ya jioni.