Michezo ya bahari: injini ndogo ya umeme yachukua kazi ya pikipiki ya maji

Huko Hawaii, visiwa vya Marekani katika bahari ya Pasifiki, Laird Hamilton alipanda mawimbi makubwa miaka ya 2000 kwa ubao wenye bawa chini yake. Ili kuyafikia, alivutwa kwa kamba na pikipiki ya maji, iliyoendeshwa na mtu mwingine.

Leo mtu anaweza kwenda peke yake. Injini ndogo ya umeme inafungwa kwenye nguzo inayounganisha ubao na bawa, naye mpandaji anaiongoza kwa telekomande mkononi. Mwendo ukiongezeka, maji yanainua bawa na ubao unatoka majini. Akishika wimbi, anazima injini, wimbi lenyewe linamsukuma. Likiisha, anawasha tena kwenda kutafuta lingine.

Lakini bawa hilo lina makali. Linaweza kumkata mpandaji anapoanguka, au mwogeleaji aliye karibu. Ndiyo sababu wapandaji wanashauriwa kuvaa kofia ngumu na kukaa mbali na watu. Injini inamfikisha mtu kwenye wimbi; kusimama na kuanguka salama lazima ajifunze mwenyewe.