Televisheni ya Michezo kwa Pesa Kidogo: Tusiuziwe Mbuzi Ndani ya Gunia



Ukitembea Langas, Huruma au Munyaka hapa Eldoret, hukosi kuona chumba kidogo cha mabati ambamo vijana wanacheza mpira kwenye PlayStation. Ndani mna benchi mbili, mashine, padi mbili na televisheni. Anayetaka kucheza hulipa shilingi chache. Ni biashara ndogo, lakini pesa za kuianzisha ni za jasho: akiba ya chama, mahindi ya shambani yaliyouzwa, au mkopo ambao mama amewekea dhamana.

Sisi wenyewe tuliwahi kuteleza. Kikundi chetu kilipochanga pesa, tulikimbilia televisheni ya inchi 55, kwa sababu muuzaji alituambia ati kubwa ndiyo biashara. Siku ya kwanza tu wachezaji wakaanza kunung'unika: "Hii kitu inachelewa!" Ukibonyeza kupiga shuti, mpira unapigwa ukiwa umeshanyang'anywa. Waliokaa pembeni waliona picha imefifia. Baada ya wiki mbili wateja walihamia kwa jirani mwenye televisheni ya inchi 32. Tuliiuza yetu kwa hasara. Kumbe aliyeinunua alibadilisha kitu kimoja tu kwenye menyu, na kule kuchelewa kukaisha! Basi, ili mwingine asilie kama sisi, hebu tueleze tuliyojifunza.

KWANZA, JUA MASHINE YAKO

Usinunue televisheni kabla ya kujua itafungwa na mashine gani. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, hutumia waya wa vichwa vitatu: chekundu, cheupe na cha manjano. Televisheni nyingi mpya hazina tena matundu hayo, kwa hiyo angalia nyuma kabla ya kulipa. PlayStation 3 (2006), PlayStation 4 (2013) na PlayStation 5 (2020) hutumia kebo ya HDMI. Hakikisha kuna matundu ya HDMI mawili au zaidi, ili moja likiharibika biashara isilale.

PlayStation 4 ya kawaida huonyesha michezo kwa vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, si zaidi. Ukiinunulia televisheni ya 4K, yenye vitone mara nne ya hivyo, mashine haitajaza vitone vyote hivyo yenyewe. Hiyo 4K ina maana kwa PlayStation 4 Pro au PlayStation 5, na hata PlayStation 5 hufanya kazi vizuri kwenye televisheni ya 1080.

Lakini angalia pia upande wa pili. Televisheni nyingi za inchi 32 za bei ya chini zina vitone 1366 kwa 768 tu, ijapokuwa boksi limeandikwa HD. Tafuta iliyoandikwa Full HD au 1080p.

KUCHELEWA NDIKO KUNAKOFUKUZA WATEJA

Televisheni ya kisasa hupokea picha, kisha huipamba kabla ya kuionyesha: inanoa kingo, inaongeza rangi, inalainisha mwendo. Kazi hiyo inachukua muda. Kwa mtazamaji wa habari haidhuru kitu. Kwa mchezaji ni balaa. Mchezo wa mpira hutoa picha 60 kila sekunde, maana yake kila picha ina karibu milisekunde 17. Televisheni ikichelewa milisekunde 100, mchezaji yuko nyuma kwa picha sita. Beki ameshapita!

Televisheni za kale zenye mgongo mkubwa hazikuwa na shida hii kwa sababu hazikuwa na mapambo hayo. Hizi mpya zina dawa yake. Ingia kwenye menyu ya picha, utafute neno Game, uliwashe. Hapo televisheni huacha mapambo mengi, na nyingi hushuka hadi chini ya milisekunde 20 au 30, ambazo mchezaji wa kawaida hazihisi. Hicho ndicho kitu tulichokosa kukijua sisi. Kama televisheni haina sehemu hiyo hata kidogo, iache dukani.

UKUBWA NA WANAOKAA PEMBENI

Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Inchi 32 ni kama sentimita 81. Inchi 43 ni kama sentimita 109. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, wachezaji huketi mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye kioo. Hapo inchi 32 hadi 43 zinatosha kabisa. Kubwa kuliko hizo humfanya mchezaji ageuze shingo kutafuta winga.

Pia kuna aina mbili za kioo zinazouzwa sana. Kioo cha IPS huhifadhi rangi hata ukikitazama kutoka upande. Kioo cha VA huwa na weusi mzuri zaidi mbele, lakini rangi hufifia ukiwa pembeni. Kwa mtu anayecheza peke yake nyumbani, VA ni nzuri. Kwa benchi lililojaa watu, IPS ni afadhali. Muuzaji asipojua, weka picha ya uwanja wa nyasi, kisha tembea hadi pembeni mwa chumba. Macho yako yatakuambia.

MANENO MATAMU YA BOKSI

Usilipie zaidi kwa sababu ya namba. Ukiona boksi linatangaza 120 au 200 ya mwendo, uliza kioo chenyewe hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Mara nyingi jibu la kweli ni 60, na kwa mpira wa PlayStation 4 hiyo yatosha. Neno HDR nalo, kwenye televisheni ya bei ya chini, mara nyingi halileti tofauti kubwa, maana kioo hakina mwanga wa kutosha. Na zile programu za intaneti hazimsaidii anayecheza gemu.

Ukitaka pia kutazama habari, uliza kama ina DVB-T2 ndani. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, isiyo nayo itahitaji king'amuzi.

SIKU YA KUNUNUA

1. Beba mashine yako na padi. Cheza dakika kumi hapo dukani. Muuzaji akikataa, nenda duka lingine.
2. Jaribu kila tundu la HDMI, na usikilize spika.
3. Weka picha nyeupe tupu, utafute madoa na mistari.
4. Angalia alama ya ubora ya KEBS, na umeme wa volti 220 hadi 240. Mitumba mingine imetoka nchi za volti 100 au 110.
5. Dai risiti yenye jina la duka, modeli, namba ya televisheni na muda wa waranti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 vinakulinda, lakini bila risiti utathibitisha vipi?

STIMA NA RADI

Weka kifaa cha kulinda televisheni stima ikipanda na kushuka. Mvua ya radi ikianza, na sisi wa Eldoret tunaijua, kuzima kwa rimoti hakutoshi. Chomoa waya kwenye soketi, na waya wa antena pia.

TUPIGE HESABU

Tuseme televisheni ni shilingi 28,000, mchezo mmoja ni shilingi 20, na kwa siku inachezwa michezo 40. Hizo ni shilingi 800. Kodi, stima na padi zikila nusu, zinabaki 400. Televisheni itajilipa kwa siku 70, yaani karibu wiki 12 mkifungua siku sita. Mkinunua ya shilingi 45,000, itawachukua karibu siku 113, na mteja bado atalipa shilingi 20 zile zile. Tofauti ya shilingi 17,000 ingeweza kununua padi za akiba na kulipa kodi.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hatusemi mchague ya bei ya chini kuliko zote. Tunasema mlipie kile mchezaji anachokihisi mkononi na machoni.

Mwisho, wekeni daftari la mapato, msiruhusu kamari, na mtoto wa shule asiingie saa za masomo. Mzazi akikiamini chumba chenu, biashara itadumu. Televisheni nzuri huwaleta wateja siku ya kwanza. Uaminifu wenu ndio utakaowarudisha siku ya pili.