Arobaini ya Mzazi na Karantini ya Hospitali

Asili ya neno karantini ni siku arobaini ambazo merikebu zilizuiliwa nje ya bandari ya Venice kwa kuchelea tauni. Waswahili nao wana arobaini yao, ya mzazi. Lakini angalia tofauti, ewe msomaji: arobaini yetu humtenga mama pamoja na mwanawe, karantini ya hospitali nyingi mwaka 2020 iliwatenganisha wao kwa wao.

Aprili mwaka huo, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mama mwenye Korona atenganishwe kwa muda na mtoto mchanga. Kufikia Julai kilikwisha kuugeuza ushauri huo. Shirika la Afya Duniani lilishikilia kwamba mama avae barakoa, anawe mikono, anyonyeshe na alale chumba kimoja na mwanawe.

Madaktari walihofu, na hofu yao haikuwa ya ujinga. Hata hivyo mizani ililalia upande mmoja: virusi vilipimwa, maziwa yaliyokauka kifuani hayakupimwa. Na je, yule njiti anayehitaji joto la kifua cha mamaye? Wizara yetu na iandike sera ya gonjwa lijalo sasa, wakati wodi zimetulia.