Thamesmead: mtaa wa London usiojua umlalamikie nani

Katika kila jiji kubwa duniani wapo watu wanaolalamikia basi lililochelewa, lifti iliyoharibika na paa linalovuja. Huko Thamesmead, kusini mashariki mwa London, manung'uniko ya aina hiyo yana historia yake, na mengi yao yanaweza kufuatiliwa hadi kwenye uamuzi uliopitishwa ofisini kabla ya wengi wa wakazi wa leo kuzaliwa.

Mtaa huo uko ukingoni mwa Mto Thames, katika ardhi ya kinamasi ambayo kwa miaka mingi ilitumiwa na kiwanda cha silaha cha serikali, Royal Arsenal, cha Woolwich. Baraza Kuu la London, lililojulikana kwa kifupi kama GLC, lilianza kujenga hapo katika miaka ya 1960, na wapangaji wa kwanza walihamia mwaka 1968.

Nia ilikuwa kubwa. Watu wapatao 60,000 walitarajiwa kuondoka katika nyumba chakavu na zilizobanana za katikati ya London, wakaishi katika mji mpya wenye maziwa, shule, maduka na hewa safi. Wasanifu majengo walitoka nchi mbalimbali kuja kuutazama, wakiamini kwamba hivyo ndivyo miji ya baadaye itakavyokuwa.

Leo wanaishi hapo zaidi ya watu 40,000. Maziwa yapo, miti ipo, na ndege wa majini ni wengi. Kilichobaki nyuma ni mambo ya kawaida kabisa: usafiri, maduka, na mtu wa kupokea malalamiko.

Hofu ya maji

Usiku wa kuamkia Februari mosi, 1953, bahari ilivunja kingo za pwani ya mashariki ya Uingereza na kuua zaidi ya watu 300. Mabonde ya Erith na Plumstead, ambako Thamesmead ingejengwa baadaye, nayo yalifunikwa na maji.

Kwa sababu hiyo wajenzi walikatazwa kuweka vyumba vya kuishi kwenye ghorofa ya chini. Chini paliachiwa magari na stoo, watu wakakaa juu, na majengo yakaunganishwa kwa njia za zege zilizoinuliwa juu ya ardhi. Kwenye michoro ilipendeza: mama na mtoto wake wangetembea kutoka nyumbani hadi dukani bila kukutana na gari hata moja.

Lakini anayeishi juu haoni kinachotendeka chini. Sehemu za magari zikawa na giza, watu wakaogopa kuzipita usiku, na zile njia za juu zikawa na kona nyingi ambazo mgeni hupotea na mwenye nia mbaya hujificha. Mwaka 1971 mtengenezaji filamu Stanley Kubrick alionyesha filamu yake A Clockwork Orange, ambayo baadhi ya picha zake za ukatili zilipigwa kando ya ziwa la Southmere. Tangu hapo wakazi wamekuwa wakilalamika kwamba mtaa wao unajulikana duniani kwa jambo ambalo halikutokea.

Majengo yenyewe yaliundwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani papo hapo na kuunganishwa. Haukupita muda mrefu kabla ya wapangaji kuanza kulalamikia unyevu ukutani, ukungu vyumbani na mvua inayopenya kwenye maungio.

Wasikilizaji wa Zanzibar hawatashangaa. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, yanatokana na imani ileile ya zama hizo, kwamba zege na ghorofa vitamtoa mnyonge katika nyumba duni. Na huko pia waliohamia walishukuru kwanza, kisha wakaanza kuuliza maji yatafikaje ghorofa za juu.

Ama hofu ya mafuriko haikwisha. Kizuizi kikubwa cha maji cha Mto Thames, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1984, kiko Woolwich, juu kidogo ya Thamesmead kwa mkondo wa mto. Kinalinda katikati ya London. Thamesmead yenyewe iko upande wa baharini, ikitegemea kuta za mto na maziwa yale yale ambayo wengi huyadhani kuwa mapambo tu, ilhali kazi yake ni kupokea maji ya mvua.

Reli iliyoahidiwa

Ukimuuliza mkazi wa zamani ni kero gani imemkera zaidi, kuna uwezekano mkubwa atakutajia treni.

Katika miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kuifikisha Thamesmead njia mpya ya treni za chini ya ardhi, ile iliyokuja kuitwa Jubilee. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1979 ikaishia Charing Cross, katikati ya jiji. Iliporefushwa kwenda mashariki mwaka 1999 ilipitia North Greenwich, ikageuka kuelekea Stratford. Thamesmead ikabaki na mabasi.

Kisha likaja daraja. Lingevuka mto kutoka Beckton hadi Thamesmead, na mipango yake ilikuwa imefika mbali, lakini Meya wa wakati huo, Boris Johnson, aliufuta mradi huo mwaka 2008. Hivyo mkazi wa Thamesmead anaweza kusimama ukingoni, akaziona taa za ng'ambo, na bado asiwe na daraja la kumfikisha huko.

Mambo yalibadilika kwa kiasi Mei 2022, njia ya Elizabeth ilipofunguliwa. Kutoka kituo cha Abbey Wood mtu hufika katikati ya London kwa muda usiofika nusu saa. Ila kituo hicho kiko pembezoni, kusini mwa mtaa, na anayeishi karibu na mto hupanda basi kwanza. Wapo pia wanaosema kwamba treni hiyo imeleta jambo ambalo hawakuliomba, nalo ni kodi za nyumba kupanda.

Mlango upi wa kubisha

Thamesmead imegawanywa kati ya manispaa mbili, Greenwich na Bexley, na mpaka unapita katikati ya makazi. Taka za huku huzolewa na manispaa moja, za kule na nyingine. Farasi walioachwa kwenye majani, jambo ambalo wageni hulicheka na wakazi hawalicheki, wanaweza kuvuka mpaka huo bila kuulizwa.

GLC, lililoujenga mji huo, lilivunjwa na serikali ya Margaret Thatcher mwaka 1986. Nyumba na ardhi vikakabidhiwa kwa kampuni ya Thamesmead Town, ambayo baadhi ya wakurugenzi wake walikuwa wakazi. Mwaka 2000 mali hizo ziligawanywa tena miongoni mwa vyombo mbalimbali, na mwaka 2014 zikaingia mikononi mwa shirika la nyumba la Peabody. Mtu aliyehamia mwaka 1968 akiwa kijana amebadilishiwa mwenye nyumba mara kadhaa bila kuhama. Kila mpya alikuja na ramani mpya, na mara nyingi lalamiko la zamani halikuwamo katika makabrasha aliyorithi.

Yapo pia mambo yasiyostahili kuitwa manung'uniko. Februari 1991 kijana mweusi wa miaka 15, Rolan Adams, aliuawa hapo kwa kuchomwa kisu katika shambulio la kibaguzi. Wakati huo familia za Kiafrika zilikuwa chache na nyingi ziliishi kwa woga. Leo Thamesmead ni miongoni mwa sehemu za London zenye jamii kubwa ya watu wa Afrika Magharibi, hasa Wanigeria.

Kubomolewa ili kuboreshwa

Peabody imejenga nyumba mpya kando ya ziwa la Southmere, mahali palipokuwa na baadhi ya majengo ya mwanzo. Mgogoro mkali zaidi umehusu makazi ya Lesnes, ambako shirika hilo lilipendekeza kubomoa nyumba karibu 600 na kujenga nyingine nyingi zaidi. Wakazi walipigishwa kura mwaka 2020 na walio wengi wakaunga mkono.

Hata hivyo, waliokuwa wamenunua nyumba zao walisema fidia isingewatosha kununua nyumba mpya palepale. Wengine walidai kwamba nyumba ziliachwa bila matengenezo, kisha uchakavu huo ukatumiwa kama sababu ya kuzibomoa. Mwaka 2024 wanaharakati waliingia na kukaa katika nyumba iliyokuwa tupu ili kupinga mpango huo.

Swali wanalouliza si geni Dar es Salaam. Wakazi wa Magomeni Kota walisubiri kwa takriban muongo mmoja baada ya nyumba zao kubomolewa, hadi Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua maghorofa yenye nafasi ya kaya 644. Ahadi ya kurudi huwa na uzito tofauti kwa anayeitoa na kwa anayesubiri akiwa amepanga kwingine.

Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaunga mkono kurefushwa kwa treni nyepesi za Docklands, zipite chini ya Mto Thames hadi Thamesmead. Treni hizo hazitarajiwi kabla ya miaka ya 2030. Kwa sasa, anayeishi karibu na mto husubiri basi.