Partizan ya Belgrade: ekipe iliyokosa kwao, ikabeba kombe la Ulaya

Najua wengi mumezoea niandike juu ya kahawa na magonjwa ya migomba. Leo mutanivumilia, naandika juu ya basket. Sababu yake mutaiona mbele.

Juzi tulikuwa tumekaa watano hapa Butembo, mabishano yetu ikaanza tena: ile pepinyeri ya miche tuliyoanzaka upande wa Beni, tungoje mpaka usalama urudi, ao kundi lihamie huku tuanze upya? Shamba la kakao la baba yangu liko upande wa Mbau. Tangu mauaji yaanze 2014, kuna misimu tunavuna, na kuna misimu kakao inaozea ku muti. Njo mudogo wetu mumoja akasema: «Mukubwa, kitu hakiwezi kukomaa kama hakiko kwake.» Nikamujibu na neno moja: Partizan. Hakuijua. Basi niieleze vizuri.

1. Ilitoka wapi

Partizan ni kilabu ya Belgrade, muji mukubwa wa Serbia. Ilizaliwa tarehe 4 Oktoba 1945, vita ya pili ya dunia ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, ndani ya shirika la michezo la jeshi la Yugoslavia. Jina linatoka kwa wale wapiganaji wa musituni waliopinga jeshi la Hitler. Rangi zake ni nyeusi na nyeupe. Haikupata sifa kwa siku moja: ubingwa wa kwanza wa Yugoslavia iliupata 1976, wakati wa Dražen Dalipagić na Dragan Kićanović. Kisha ikachukua kombe la Korać mara tatu, 1978, 1979 na 1989. Mara ile ya mwisho alikuwamo Vlade Divac, yule murefu aliyeenda Los Angeles Lakers mwaka uleule.

2. Mwaka wa kukosa kwao

Mwaka 1991 Yugoslavia ikaanza kuvunjika kwa vita. Wakubwa wa basket ya Ulaya wakakataa ekipe za nje kusafiri kwenda kule. Katika kombe la vilabu bingwa kulikuwa vilabu vitatu vya upande ule: Partizan, pamoja na Split na Cibona za Croatia. Vyote vikaambiwa: mutacheza, lakini mechi zenu za nyumbani mutazichezea Hispania. Partizan ikaangukia Fuenlabrada, muji wa wafanyakazi kusini ya Madrid.

Ebu fikiri. Unaitwa «wa nyumbani», lakini kwenu ni mbali, lugha haiko yako, na wanaokaa ku viti haujawahi kuwaona. Lakini watu wa Fuenlabrada walikuwa na sale mupya ya michezo, na hawakukuwa na ekipe kubwa ya kuijaza. Wakaipokea ile ya wageni, wakaipigia kelele kama mutoto wao.

3. Kikosi chenyewe

Hapa njo kuna siri. Kikosi kile kilikuwa cha vijana wa umri wetu, hata wadogo zetu. Aleksandar Đorđević, aliyeongoza balo, alimaliza musimu akiwa na miaka 24. Predrag Danilović, mufungaji mukubwa, miaka 22. Željko Rebrača, murefu wa chini ya kikapu, ndio kwanza alifikisha 20. Kulikuwa tena Ivo Nakić, Slaviša Koprivica, Zoran Stevanović, Nikola Lončar na wengine. Koochi alikuwa Željko Obradović, miaka 31 tu wakati anaanza: mwaka ule ule alikuwa bado muchezaji wa ekipe ile ile! Lakini hawakumuacha peke yake. Pembeni yake waliweka muzee wa kumushauri, Aleksandar Nikolić, ambaye Yugoslavia yote ilimuitaka Profesa.

Kwa musimu wote walichezea Belgrade mechi moja tu ya kombe lile, mbele ya Bologna ya Italia. Wakaitoa Bologna, wakaipiga Milano ku nusu finali 82-75. Tarehe 16 Aprili 1992, Istanbul, finali na Joventut ya Badalona, ekipe ya Hispania. Sekunde chache mbele ya mwisho, Joventut iko mbele 70-68. Đorđević anapokea balo, anakimbia upande wa kuume, anarusha kutoka mbali akiwa hewani. Tatu! 71-70. Danilović, aliyefunga 25, akachaguliwa muchezaji bora.

4. Nisiwadanganye

Hadisi haikuishia kwa ngoma. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Mei 1992, Umoja wa Mataifa ukaifunga Yugoslavia kwa vikwazo, na michezo ikiwamo. Bingwa wa Ulaya hakuruhusiwa kutetea kombe lake. Danilović akaenda Bologna, Đorđević Milano. Obradović mwenyewe aliondoka 1993, na Joventut, ile aliyoiliza, njo ilimuchukua. Akaipa kombe lilelile 1994. Leo anayo tisa. Partizan haijapata lingine la namna ile. Ilifika tena kwa nne za mwisho 2010, ikakosa. Vita haikuwapa zawadi. Iliwanyanganya, na wao waliokoa walichoweza.

Lakini haikufa. Inajaza sale ya watu zaidi ya 18,000 ku Belgrade. Na 2024 ilimuchukua Isaac Bonga, aliyezaliwa Ujerumani kwa wazazi Wakongomani, bingwa wa dunia wa 2023 na Ujerumani.

5. Na Fuenlabrada?

Muji ule nao haukutoka mikono mitupu. Kilabu yake ndogo iliendelea kukomaa mpaka ikapanda ligi kubwa ya Hispania. Miaka kama ishirini nyuma ya Partizan, ku sale ile ile, akatokea kijana wa Lubumbashi, Bismack Biyombo. Mwaka 2011 NBA ikamuchagua namba 7. Sale iliyopokeaka wakimbizi wa basket ilimupokea na mutoto wa kwetu.

Sasa turudi ku miche. Kila mwanafunzi wa agronomia anajua: muche ukiung'oa mizizi mitupu, unakauka. Ukiuhamisha na udongo wake, unashika. Partizan haikuhama muchezaji mumoja mumoja. Ilihama na koochi wake, muzee wake, rangi zake na mazoezi yake. Ule njo udongo wake.

Mudogo wangu alikuwa na haki kwa kitu kimoja: kakao yenyewe haitahama, baridi ya Butembo haiipendi. Huku tutafanya arabika, na kakao ya Mbau itatungoja. Lakini kundi linaweza kuhama zima, likibaki na daftari yake, kasha yake na mukutano wake wa kila juma. Na ninyi wa Butembo munaosoma hapa, tunatafuta pembe ya kiwanja karibu na maji, mita kumi kwa kumi inatosha. Mwenye nayo aandike chini hapa.