Picha 36 na Ugomvi wa Vitabu

Chukua picha 36 za nyuso, zimwage mezani, kisha umwambie mtu azigawe mafungu: wanaohisi jambo moja wakae fungu moja. Maria Gendron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northeastern, mjini Boston, walifanya hivyo kaskazini-magharibi mwa Namibia kwa Wahimba, wafugaji wanaoishi mbali na miji. Picha zilikuwa za Wamarekani weusi sita. Kila mmoja alipigwa akitabasamu, akikunja ndita, akinuna, akikodoa macho, akikunja pua kama aliyenusa uvundo, na mara moja akiwa ametulia tu. Kwa mujibu wa vitabu vingi vya saikolojia, mafungu yalipaswa kuwa sita, yanayofanana na ya mkazi yeyote wa Boston.

Hayakuwa hivyo. Wahimba waliziweka pamoja nyuso zenye tabasamu, na nyingi za macho yaliyokodolewa wakazikusanya pia. Zilizobaki walizichanganya. Tena walipoulizwa fungu hili ni la watu gani, mara nyingi hawakutaja hisia, walitaja kitendo: hawa wanacheka, hawa wanaangalia kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye yakaingia ndani ya How Emotions Are Made, kitabu cha Lisa Feldman Barrett, mkuu wa maabara alimokuwa Gendron, na tangu hapo wanasaikolojia na wataalamu wa ubongo hawajaacha kuvutana.

Chanzo cha mvutano huo ni safari ya mwaka 1967. Mmarekani Paul Ekman alipanda nyanda za juu za Papua New Guinea kwa Wafore, ambao wengi wao wakati huo hawakuwa wameona sinema wala gazeti. Aliwasimulia visa vifupi. Mtu amefiwa na mwanawe. Mtu yuko peke yake nyumbani, hana shoka wala upinde, na nguruwe mwitu amesimama mlangoni. Baada ya kila kisa, mtu mzima aliwekewa picha tatu, mtoto mbili, achague uso unaofaa. Wengi walichagua kama Ekman alivyotarajia, ingawa hofu na mshangao viliwatatiza. Kutokana na kazi hiyo likajengwa fundisho la hisia sita za msingi: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa, kila moja na sura yake, kwa wanadamu wote. Mwaka 1978 yeye na Wallace Friesen walichapisha mfumo wa kuandika miendo ya misuli ya uso, mmoja baada ya mwingine.

Fundisho hilo lilisafiri mbali. Liliingia katika vitabu vya kiada, likazaa tamthilia ya Lie to Me mwaka 2009, likafika hadi viwanja vya ndege vya Marekani, ambako maofisa walifundishwa kuwasoma abiria sura na mienendo ili kuwabaini magaidi. Novemba 2013 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilipendekeza fedha za mpango huo zibanwe kwa kukosa ushahidi kwamba unafanya kazi. Kufikia hapo ulikuwa umeshakula kiasi cha dola milioni 900.

Mimi naona kasoro ilianzia kwenye swali. Kila aliyefanya mtihani wa darasa la saba anajua jinsi A, B, C na D zinavyombeba asiyejua jibu. Ukinisimulia habari za mfiwa kisha ukaniwekea nyuso tatu, mmoja anacheka, mmoja amekasirika, mmoja amejikunyata, sihitaji kujua chochote kuhusu sura ya huzuni. Nitaondoa zisizowezekana na kubaki na moja. Mpe mtu huyohuyo rundo la picha bila majina wala visa, na ule umoja wa wanadamu unaanza kupwaya.

Ndiyo sababu utafiti uliofuata wa timu ya Gendron, uliofanyika hapa Tanzania, una uzito. Walikwenda kwa Wahadzabe, jamii ya watu wasiozidi sana elfu moja wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi na ambao sehemu kubwa ya chakula chao bado ni asali, mizizi, ubuyu na nyama ya kuwinda. Makala yao ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Scientific Reports. Walitumia visa na picha mbili, karibu kama Ekman, ila kwa ujanja zaidi. Safari nyingine picha isiyo sahihi ilitofautiana waziwazi na ile sahihi: uso wa hofu kando ya uso wa furaha, yaani mmoja una jambo baya na mwingine jema. Safari nyingine zote mbili zilikuwa za jambo baya, na zote za mtu aliyechangamka mwili, kama hofu na hasira. Pale ambapo ubaya na wema vilitosha kumwongoza mchaguaji, Wahadzabe walifanya vizuri. Pale viliposawazishwa, kwa jumla ushindi uliyeyuka. Watafiti walihitimisha kwamba ushahidi wa sura za hisia zinazotambulika na wanadamu wote ni mdogo.

Hapa nina neno na watafiti wenyewe. Wahadzabe hupelekewa wanasayansi kila mwaka kana kwamba ni dirisha la kuchungulia mababu wa binadamu, na makala nyingi huwaita wawindaji kwa namna inayomfanya msomaji wa ng'ambo awadhanie watu wa enzi ya mawe. Ni raia wa karne hii. Wanapokea watalii, wanagombea ardhi na wafugaji na wakulima, na baadhi ya watoto wao wako shuleni. Utafiti huu unapata nguvu kwa sababu nyingine iliyo nyepesi zaidi: nadharia ikisema "wote," Mhadzabe wa leo naye ni mmoja wa hao wote.

Barrett mwenyewe haishii usoni. Hoja yake kubwa ni kwamba ndani ya ubongo hakuna chumba cha hasira wala chumba cha hofu. Ubongo, anasema, haungoji tukio litokee ndipo uitike. Unabashiri muda wote. Unapokea taarifa za mapigo ya moyo, pumzi na tumbo, kisha unazipa maana kwa kutumia uliyoyapitia na uliyofundishwa. Moyo ukienda mbio kwenye benchi la hospitali ukisubiri majibu ya vipimo, hiyo ni hofu. Ukienda mbio vilevile penalti ya Simba na Yanga ikitengwa, unaweza kuiita raha.

Wapinzani wake hujibu kwa amigdala, vifundo viwili vidogo vyenye umbo la lozi ndani kabisa ya ubongo. Joseph LeDoux wa New York ndiye aliyevipa umaarufu kwa kitabu cha The Emotional Brain cha mwaka 1996, na magazeti yakavibatiza kitovu cha woga. Ushahidi uliopendwa kuliko wote ni wa mwanamke wa Marekani anayejulikana katika maandiko kwa herufi S.M. tu, ambaye ugonjwa wa nadra wa kurithi uliharibu amigdala zake zote mbili. Watafiti walimpeleka kwenye duka la nyoka, akawashika kwa udadisi. Walimpeleka kwenye jumba la kutisha la sikukuu, akatangulia mbele ya wenzake. Kesi ilionekana imekwisha.

Kisha mwaka 2013 wakamvisha barakoa na kumvutisha hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi, mara moja tu. S.M. alihema kwa taabu, akawa anapunga mkono kuelekea kwenye barakoa ili ivuliwe, na baadaye akaeleza hofu kubwa. Wanawake wawili pacha wenye ugonjwa uleule nao walishikwa na kiwewe. Mtu aliyedhaniwa hana woga alikuwa nao, ila ulipitia mlango wa pumzi badala ya mlango wa macho. LeDoux naye, katika Anxious cha mwaka 2015, amejitenga na picha aliyosaidia kuichora: amigdala hushiriki katika kuutayarisha mwili mbele ya hatari, lakini hofu tunayoihisi ni jambo jingine, linalohusisha sehemu nyingi zaidi. Luiz Pessoa, Mbrazili anayefundisha Chuo Kikuu cha Maryland, amekwenda mbali zaidi katika The Entangled Brain (2022). Kwake, kugawa ubongo kama ramani ya mikoa yenye kazi zake ni kosa tangu mwanzo. Kitabu chake ni kigumu, lakini kinawatendea haki wasomaji wavumilivu.

Nisidanganye kwamba upande wa Barrett umeshinda. Jaak Panksepp, aliyefariki mwaka 2017, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba ukichochea kwa umeme sehemu fulani za ndani za ubongo wa mnyama unapata ghadhabu, na sehemu nyingine unapata hamu ya kutafuta. Ni vigumu kumwambia paka aliyesimamisha manyoya kwamba ghadhabu yake imejengwa na utamaduni. Naye Barrett, akishapata hoja nzuri, huivuta mpaka inakaribia kukatika. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Alan Cowen na wenzake waliotumia kompyuta kuchambua video milioni 6 kutoka nchi 144, wakakuta aina 16 za sura zikijitokeza katika mazingira yanayofanana duniani kote, iwe ni harusi au michezo. Ila kompyuta hiyo ilifundishwa majina ya sura na wasemaji wa Kiingereza walioko India. Ilichosambaza nchi 144 ni jicho lao.

Tena kuna Watrobriand. Ni watu wa visiwani, Papua New Guinea ileile ya Ekman. Carlos Crivelli na wenzake waliwaonyesha ule uso wa macho kodo na mdomo wazi ambao vitabu huuita hofu, nao wakausoma kuwa wa mtu anayetisha na aliye tayari kushambulia. Hiyo ilikuwa mwaka 2016.

Kwa nini mambo haya yalichelewa hivyo? Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani na kukuta asilimia 96 ya waliochunguzwa wanatoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Waliobebeshwa jina la "binadamu" walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanafunzi wa vyuo waliohitaji alama za kozi. Miongoni mwa vitabu vipya, Between Us cha Batja Mesquita (2022) ndicho kitakachomgusa msomaji wa Kiswahili haraka, kwa sababu kinazitazama hisia kama jambo linalotendeka baina ya watu na si hazina iliyofichwa kifuani mwa mmoja. Kwenye misiba ya jamii zenye utani, mtani humwigiza marehemu, hulala kaburini akidai alipwe ndipo atoke, na wafiwa hucheka machozi yakiwatoka. Kamera ingeandika: furaha.

Na kamera zipo. Kampuni zimeuza programu za kupima hisia za waombaji kazi na wanafunzi, nyingi zikiwa na sura sita za Ekman tumboni. Mwaka 2019 wanasayansi watano walipitia tafiti zaidi ya elfu moja, wakaona kwamba watu wazima wenye hasira hukunja ndita pungufu ya mara moja kwa kila tatu, na kwamba hukunja ndita pia wakiwa wanafikiri au wanaumwa tumbo. Miongoni mwa watano hao yumo Barrett, na yumo Ralph Adolphs, mmoja wa waliomchunguza S.M., ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa na David Anderson kitabu kinachozitazama hisia kwa jicho tofauti kabisa na la Barrett. Wasiokubaliana hisia ni nini walikubaliana kwamba uso peke yake hautoshi kuzijua.

Juni 2022 Microsoft ilitangaza kuondoa huduma yake ya kukisia hisia kutoka usoni, ikitaja kwamba wataalamu hawajakubaliana hata juu ya maana ya hisia. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2024, imepiga marufuku mashine hizo kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Lakini inaruhusu kamera imtazame dereva wa lori kama anasinzia, kwa maelezo kwamba uchovu ni hali ya mwili na si hisia. Barrett, ambaye kitabu chake kizima kinadai kwamba hisia hujengwa kutokana na hali ya mwili, pengine angependa kuwauliza watunga sheria hao mpaka wameuchora wapi.