Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu Mji wa Kale, Mombasa, na kikombe changu cha kahawa chungu mkononi, mara akanijia binti wa dada yangu. Binti huyu ni mkutubi. Kazi yake ni vitabu, na ameisomea mpaka akahitimu. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha akaketi ukingoni mwa baraza akashusha pumzi kama hamali aliyetua gunia.

"Mjomba, wamenichagua katibu wa tawi la chama chetu cha wakutubi."

"Hongera, mwanangu."

"Hongera ya nini, mjomba? Mwenyekiti ndiye avishwaye koja la asumini. Mimi nimepewa kalamu niandike wayasemayo wengine. Nafikiri nikakatae."

Nilicheka, lakini kicheko hakikudumu. Neno hilo la katibu lina deni nami, na deni lenyewe nitalieleza mbele. Kwanza nilimwambia asikatae mpaka tuzungumze, na mazungumzo hayo ndiyo nipendayo kuwapa wasomaji wangu leo.

Sisi tuliosoma chuoni, tukachapwa kwa kukosea herufi, twajua kwamba katibu, kitabu, maktaba na mkataba ni watoto wa mama mmoja. Shina lao ni lile neno la Kiarabu lenye maana ya kuandika. Basi katibu wa chama cha maktaba ni mwandishi miongoni mwa watu wa maandishi. Na sisi Waislamu hatuna haki ya kuidharau kazi hiyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni, na humo mwandishi ametakiwa aandike kwa uadilifu. Tena Zaid bin Thabit, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), ndiye aliyepewa na Khalifa Abubakar kazi ya kuikusanya Qur'ani baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama. Waliohifadhi vifuani walikuwapo wengine, lakini kazi alitwikwa mtu wa kalamu aliyeaminiwa.

Watu hudhani katibu huanza kazi mkutano unapofunguliwa. Sivyo. Kazi yake yaanza siku nyingi kabla, anapokaa na mwenyekiti wakapanga ajenda, akawapelekea wanachama mwaliko mapema ili asije mtu akasema hakuarifiwa. Yeye ndiye mwenye orodha ya wanachama: nani yu hai katika chama, nani amehamia mji mwingine, nani ana haki ya kupiga kura. Mkutano ukikaa, ndiye atazamaye kama akidi imetimia, maana uamuzi uliopitishwa bila ya akidi ni sawa na sala bila ya udhu. Watu wakisema kwa saa mbili, yeye hutafuta mambo matatu tu: limeamuliwa nini, nani amepewa kulitenda, na lini lazima liwe limekwisha. Mkutano ukifungwa, wenzake huenda majumbani. Yeye ndipo hukaa kuandika.

Kisha kuna barua za kujibu, ripoti ya mwaka ya kutunga, na faili za kuweka. Sheria ya vyama ya Kenya yavitaka vyama vilivyosajiliwa vipeleke taarifa zao kila mwaka kwa Msajili wa Vyama. Mwenyekiti akiwa na maneno ya asali na katibu akasahau karatasi hiyo, chama chaweza kujikuta hakina miguu ya kusimamia mbele ya sheria.

"Lakini mjomba," binti akanikatiza, "nani amkumbukaye katibu?"

Nikamwambia: hebu tazama Marekani. Oktoba 1876 wakutubi walikutana katika mji wa Philadelphia, wakaandikishana watu 103, na katika hao wanawake walikuwa 13. Ndiko kulikozaliwa Chama cha Maktaba cha Marekani. Rais wa kwanza alikuwa Justin Winsor, mkuu wa maktaba ya umma ya Boston, mtu mwenye heshima kubwa. Katibu alikuwa kijana wa miaka 24, jina lake Melvil Dewey. Leo nani barazani kwetu amjuaye Winsor? Lakini Dewey jina lake liko katika kila maktaba ya shule, kwa zile nambari zilizobandikwa migongoni mwa vitabu, ambazo alizichapisha mwaka ule ule wa 1876. Alikaa katika ukatibu mpaka 1890, akawa ndiye mwandishi wa barua, mpanga mikutano, na msukumaji wa gazeti la wakutubi.

Nisije nikamsifu kupita kiasi. Kalamu haimtakasi aliyeishika. Dewey huyo huyo aliwabagua Mayahudi na watu weusi, na aliwasumbua wanawake waliofanya kazi pamoja naye. Chama alichokuwa katibu wake kilikuja kuliondoa jina lake katika nishani yao kubwa mwaka 2019. Na walilitoaje? Walizitazama habari zilizoandikwa. Daftari, ndugu zangu, humshuhudia hata aliyelianzisha.

Wa pili ni Mholanzi, T. P. Sevensma. Mwaka 1927 wakutubi wa nchi mbalimbali walikutana Edinburgh, wakaunda shirikisho la vyama vya maktaba la kimataifa, lijulikanalo kwa herufi za IFLA. Sevensma alishika ukatibu 1929, na hakuuacha mpaka 1958. Katika muda huo marais watano walipokezana kiti, kuanzia Collijn wa Sweden mpaka Bourgeois wa Uswisi. Vita vikuu vikaja, mikutano ikakatika, watu waliokuwa wakiandikiana barua wakawa pande mbili za bunduki. Mwaka 1947 wakakutana tena, Oslo. Chama kilichokaa miaka kadhaa bila ya kukutana hakirudi chenyewe kama maji kujaa. Pana mtu lazima awe ajua nani ni nani, yuko wapi, na mara ya mwisho waliachia wapi. Shirikisho hilo ndilo lililokuja kufanya mkutano wake mkuu Nairobi mwaka 1984, wageni kutoka kila pembe ya dunia.

Hapa kwetu pia tumeyaona. Palikuwa na Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki, kikikusanya wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka ya mwanzo ya 1970 kikavunjika, kila nchi ikabaki na chama chake. Wakutubi wa Kenya wakawa na jarida lao, wakaliita Maktaba. Udugu haukukatika, kwani mwaka 1974 wakakutana Dar es Salaam na wenzao wa kati na kusini mwa Afrika, na desturi ya mikutano hiyo imeendelea, kila baada ya miaka miwili. Sasa fikiri: nyumba ikigawanywa, viti na meza havina taabu kugawana. Taabu ni karatasi. Nani alikuwa mwanachama, nani alilipa ada, nani aliahidi nini? Hayo hayagawanyiki kwa msumeno. Yataka mtu aliyeyaandika.

Binti akanyamaza, akichora chora kwa kidole juu ya saruji. Ndipo nikamweleza deni langu, ambalo sijapata kulieleza gazetini.

Miaka 20 na kitu iliyopita, sisi vijana wa mtaa tulikuwa na kikundi cha kusoma na kunakili tungo za wazee. Mimi nilikuwa katibu. Usiku mmoja mama mmoja, mjane, alituletea utenzi wa marehemu mumewe, ulioandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, umefungwa katika kitambaa cha kijani. Akasema tuunakili, kisha tumrudishie, kwa sababu hana kumbukumbu nyingine ya mkono wa mumewe. Tukakubaliana, mwenzetu mmoja akauchukua. Usiku ulikuwa umekwenda, mvua ilikuwa ikinyesha, na daftari nilikuwa nimelisahau nyumbani. Nikasema moyoni, nitaandika kesho.

Kesho haikufika. Kikundi kikalegea kama vikundi vilegeavyo, huyu akaenda Uarabuni kutafuta riziki, yule akahamia bara. Baada ya miaka miwili yule mama akanijia. Nikawauliza wenzangu mmoja mmoja. Huyu alisema uchukuliwe kwa fulani, fulani akasema kwa mwingine, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Hakuna aliyesema uongo, kila mmoja alikumbuka alivyokumbuka. Utenzi haukupatikana mpaka hivi leo. Yule mama hakunigombeza. Alinitazama tu, akaniuliza, "Basi hukuandika, mwanangu?"

Amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Swali lake lingali hai. Kwa mstari mmoja, jina na tarehe, ningaliweza kumrudishia mkono wa mumewe.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni zito zaidi kwa chama cha wakutubi kuliko kwa chama chochote. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kutunza karatasi za wengine. Kitabu kikiazimwa, waandika. Kikichelewa, wadai. Wazee walisema kinyozi hajinyoi, lakini je, mkutubi asijitunzie? Siku hizi mambo yote yamo katika simu. Mkutano waitishwa kwa simu, kumbukumbu zaandikwa kwa simu, na simu ikitumbukia Likoni ferini, imetumbukia na chama. Katibu akitoka, huondoka na simu yake, na mrithi wake huanza upya kama kwamba hapakuwa na mtu kabla yake. Vitumike vyombo vipya, sikatai, lakini kumbukumbu ziwekwe mahali pawili, zitiwe saini na mwenyekiti, na siku ya kukabidhiana zihesabiwe mbele ya mashahidi kama mali ya yatima.

Binti aliinuka adhana ya magharibi ilipokuwa karibu. Hakusema kama atakubali au atakataa. Alifungua mkoba akatoa kidaftari, akaniuliza, "Mjomba, yule mama alikuwa na mjukuu? Na kile kitambaa ulisema rangi gani?" Akaandika yote, na tarehe ya siku ile juu yake. Hapo nikajua chama chao kimepata katibu, nami hwenda nimepata mtu wa kunisaidia kuutafuta.

Nawe msomaji, ukienda kwenye mkutano wa msikiti, wa madrasa au wa timu ya mpira, usimtazame tu yule aketiye mbele. Tazama pembeni nani ameshika kalamu, na kama hapana, ulizia. Mimi nimemtungia binti yangu ubeti mmoja:

Katibu shika kalamu, lisemwalo kuandika,
Usiitie utamu, wala neno kulizika,
Na watu wakilaumu, kitabu kitatamka,
Amana ni deni gumu, mwenyewe atalitaka.